Rola Kosta Hununuliwa kwa Nani?

Novemba 2022, bustani ya burudani ya Alton Towers huko Uingereza iliifunga Nemesis, rola kosta iliyokuwa ikipindua watu kichwa chini miguu juu tangu 1994. Chuma kilikuwa kimechoka. Reli na nguzo zikang'olewa kwa wingi, na kazi ya kutengeneza mpya akapewa yule yule aliyeijenga mara ya kwanza: Bolliger & Mabillard wa Monthey, mji mdogo wa Uswisi. Machi 2024 wageni wakapanda tena.

Gold Reef City ya Johannesburg nayo ina rola kosta ya jamii hiyo, ambayo abiria hawakai juu ya reli bali wananing'inia chini yake. Inaitwa Anaconda. Ilifunguliwa 1999, na ilitoka Monthey hiyo hiyo, ila katika kiwanda kingine, Giovanola. Walter Bolliger na Claude Mabillard walikuwa wafanyakazi wa Giovanola kabla ya kuondoka na kuanzisha kampuni yao mwaka 1988. Kwa mnunuzi wa miaka ya 1990 viwanda hivyo viwili vilikuwa kama ndugu wa tumbo moja: ujuzi unaofanana, mji mmoja, chuma cha Uswisi. Miaka michache baada ya Anaconda kuanza kazi, Giovanola ikafilisika. Rola kosta ikabaki inazunguka Johannesburg, na kiwanda kilichoizaa hakipo.

Tofauti kati ya Nemesis na Anaconda haionekani kwa mtu aliyesimama kwenye foleni na tiketi mkononi. Inaonekana kwenye karakana, pale fundi anapohitaji ekseli mpya au anapotaka kujua kama ufa mdogo kwenye mshono wa kuchomelea ni wa kawaida au ni wa kusimamisha mashine. Ndiyo maana bustani makini, kabla haijauliza mtambo utapanda mita ngapi, huuliza nani atapokea simu miaka 20 baada ya malipo ya mwisho.

Wajenzi wenyewe si wengi. Uswisi wapo Bolliger & Mabillard. Intamin nao wana asili ya huko huko, ingawa leo makao yao yapo Liechtenstein. Ujerumani wapo Mack na Gerstlauer, Uholanzi Vekoma, Italia Zamperla, Marekani S&S na Rocky Mountain Construction, na China wapo Golden Horse wa Zhongshan pamoja na viwanda vingine kadhaa. Wengi wametokana wenyewe kwa wenyewe. Hubert Gerstlauer alikuwa fundi wa Anton Schwarzkopf, Mjerumani aliyejenga mtambo wa kitanzi kamili cha chuma kule Magic Mountain, California, mwaka 1976, na ambaye kampuni yake ilianguka katika miaka ya 1980. Hesabu za mitambo mingi ya viwanda tofauti zilipitia ofisi moja ya Munich, ya mhandisi Werner Stengel. Katika biashara ndogo namna hii sifa ya mtu husafiri haraka, na bustani zinaongea.

Wapo wanunuzi ambao kasi ndiyo hoja yao ya kwanza, na wana sababu. Wasomaji wa Kiswahili walioko Muscat au Dubai wanaijua Ferrari World ya kisiwa cha Yas, Abu Dhabi. Ilipofunguliwa Novemba 2010, jina la Ferrari lilihitaji mtambo wa haraka kuliko yote duniani, na bustani ikaupata: Formula Rossa, inayofikia kilomita 240 kwa saa katika muda usiofika sekunde 5. Abiria wa mbele huvaa miwani ya kukinga mchanga na wadudu. Mtambo kama huo hautangaziwi zabuni kwa watengenezaji 20, kwa kuwa wenye uwezo na ujasiri wa kuujenga wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Kazi ilikwenda kwa Intamin, kampuni ambayo tayari ilikuwa imejenga Top Thrill Dragster huko Ohio mwaka 2003 na Kingda Ka huko New Jersey mwaka 2005, yote ikisukumwa kwa mfumo wa mafuta yenye mgandamizo. Saudi Arabia nayo ilipotaka kuivunja rekodi hiyo karibu na Riyadh, kwa mtambo uitwao Falcon's Flight uliosanifiwa kufikia kilomita 250 kwa saa, iligonga mlango huo huo.

Rekodi ina gharama yake. Kingda Ka, yenye mita 139, ilibomolewa kwa baruti Februari 2025, haijatimiza miaka 20. Top Thrill Dragster ilisimamishwa Agosti 2021 baada ya kipande cha chuma kuchomoka kwenye behewa na kumjeruhi vibaya mwanamke aliyekuwa kwenye foleni. Wenye bustani, Cedar Point, walipoamua kuifufua hawakurudi kwa Intamin. Walikwenda kwa Zamperla, Waitalia waliojulikana zaidi kwa bembea na vigari vya familia kuliko kwa mitambo ya kutisha. Top Thrill 2 ilifunguliwa Mei 2024, ikafanya kazi takriban wiki moja, ikafungwa kwa sababu ya kasoro za mabehewa hadi msimu wa 2025. Uamuzi wa Cedar Point haukuwa wa kipuuzi. Zamperla walikuwa na hamu ya kuingia ngazi ya juu, na muuzaji mwenye hamu hutoa masharti mazuri. Lakini mtambo wa kwanza wa aina yake huwa unajaribiwa mbele ya wateja, na bustani ndiyo inayobeba hasara ya msimu.

Ukiacha wawindaji wa rekodi, wanunuzi wengi huanza na hesabu ya foleni. Chukua mtambo wenye treni ya watu 28, kama rola kosta za Batman ambazo Bolliger & Mabillard walianza kuwajengea Six Flags mwaka 1992. Treni ikiondoka kila baada ya sekunde 72, watu 1,400 wanapanda kwa saa. Mtambo mwingine una vigari vya watu 8. Hata kigari kikiondoka kila baada ya sekunde 36, wanaopanda ni 800. Bustani inayopokea watu wengi siku ya sikukuu itaona tofauti hiyo ya watu 600 kwa saa kama foleni inayofika getini, na watu walioko kwenye foleni hawanunui soda wala chipsi. Bustani ndogo haina haja ya treni ya watu 28. Itaiendesha nusu tupu na kulipia umeme, magurudumu na beringi za treni nzima.

Hapo ndipo Vekoma walipojenga jina. Kuanzia 1984 walianza kuuza Boomerang, mtambo wenye mchoro ule ule kila mahali, unaokaa kwenye kiwanja kidogo, unaokwenda mbele kisha kurudi kinyumenyume. Dunia nzima kuna makumi yake. Mnunuzi hapati kitu cha pekee, lakini anapata mtambo ambao matatizo yake yamekwisha kujulikana, na kipuri kilichoharibika kwake kimewahi kuharibika kwa wengine na kipo ghalani. Ratanga Junction ya Cape Town ilichukua njia hiyo mwaka 1998 kwa mtambo wake mkubwa, Cobra, uliokuwa mchoro wa Vekoma uliouzwa nchi nyingi. Aina hiyo ililalamikiwa sana kwa kugonga vichwa vya abiria, lakini Cobra ilifanya kazi mpaka bustani yenyewe ilipofungwa mwaka 2018.

Vekoma wenyewe walifilisika mwaka 2001. Walichonusurika nacho ni kazi nyingi walizokwisha kufanya, zikiwamo za Disney, ambao walikuwa wamewapa Space Mountain ya Paris mwaka 1995. Disney hawakuwakimbia. Baada ya kampuni kusimama upya waliwapa Expedition Everest ya Florida, iliyofunguliwa 2006, na Tron ya Shanghai, iliyofunguliwa 2016. Kwa mnunuzi mdogo, somo la kisa hiki ni gumu kidogo. Uhai wa mtengenezaji unategemea pia nani wengine wamenunua kwake. Kiwanda chenye wateja wakubwa waliofungwa nacho kikianguka, kuna watakaotaka kukiinua. Giovanola hawakupata mteja wa kuwainua namna hiyo. Mitambo yao mingine miwili mikubwa, Goliath ya California na Titan ya Texas, imeendelea kuishi kwa sababu mwenyewe ni Six Flags, kampuni yenye wahandisi na karakana zake. Bustani moja iliyo peke yake Afrika haina mgongo kama huo.

Kisa cha familia ya Mack kinastahili kutajwa kwa sababu kinaonyesha uaminifu wa kitaalamu. Mack walikuwa mafundi wa magari ya kukokotwa huko Waldkirch, Ujerumani, tangu 1780, na mwaka 1975 walifungua Europa-Park ili wateja waje waone mitambo yao ikifanya kazi. Hata hivyo mwaka 2002, walipotaka rola kosta ya mita 73 katika bustani yao wenyewe, waliinunua kwa Bolliger & Mabillard. Kiwanda chao hakikuwa kimejenga mtambo wa ukubwa huo.

Sasa hesabu hizi zihamishiwe Kagera. Nyakanazi, wilayani Biharamulo, ni njia panda ambapo barabara ya kutoka Kahama inakutana na ile ya Kakonko, Kibondo na Kigoma, na nyingine inaendelea Lusahunga, Ngara hadi mpaka wa Rusumo. Malori ya bandari ya Dar es Salaam yanayokwenda Kigali, Bujumbura na mashariki ya Congo yanapita hapo. Mji wenye wasafiri wengi kiasi hicho, vijana wengi na sehemu chache za kupeleka watoto siku ya Idi au Krismasi, si mahali pa kuchekwa mtu akisema anataka kufungua bustani ya burudani. Mwekezaji huyo atauliza nini?

Ataanza na umeme. Nyakanazi ina bahati hapo: kituo chake cha kupoozea umeme kimeungwa kwa njia ya kilovolti 220 kutoka Rusumo, kwenye mtambo wa megawati 80 ambao Tanzania, Rwanda na Burundi wanagawana. Lakini mfumo wa kurusha treni wa Formula Rossa umetangazwa kuwa na nguvu ya farasi 20,800, sawa na megawati 15 na ushee. Nguvu hiyo hutoka kwa sekunde chache tu, tena hukusanywa kwanza kwenye matangi ya mgandamizo, kwa hiyo gridi haibebi mzigo wote kwa mkupuo. Hata hivyo inatosha kuonyesha kwamba mitambo ya kurusha haikubuniwa kwa ajili ya mji wa wilaya. Nyakanazi inahitaji mtambo wa mnyororo. Mota ya kawaida huivuta treni hadi kileleni, na kutoka hapo mteremko hufanya kazi yote.

Ule mlio wa tak-tak-tak ambao abiria husikia wakati treni inapanda si wa mnyororo. Ni meno ya chuma yaliyo chini ya behewa, yanayoangukia kwenye ngazi za reli moja baada ya nyingine, ili umeme ukikatika treni isirudi nyuma hata shubiri moja. Kwenye kituo cha kushukia, breki za sumaku za kudumu hupunguza kasi bila kuhitaji umeme wowote: bapa la shaba au alumini likipita katikati ya sumaku, mwendo wenyewe unazalisha nguvu ya kulizuia. Mnunuzi wa Nyakanazi anapaswa kuwauliza wauzaji wote swali moja la wazi: umeme ukikatika treni ikiwa popote kwenye reli, nini kitatokea, na nani atawashusha watu?

Baada ya umeme linakuja suala la spea, na hapa mwenye mabasi ya Kigoma au Bukoba anamzidi maarifa mshauri yeyote wa nje, maana hanunui basi kabla hajajua duka la spea lake liko wapi. Behewa la rola kosta lina makundi matatu ya magurudumu: ya juu ya reli yanayobeba uzito, ya pembeni yanayoongoza, na ya chini yanayozuia treni isiruke. Yamevikwa plastiki ngumu ambayo huliwa kila siku, na huliwa haraka zaidi kwenye joto. Yakiagizwa Ulaya yatafika Dar es Salaam, yatoke bandarini, kisha yasafiri zaidi ya kilomita 1,000 hadi Nyakanazi. Mkataba usiojumuisha magurudumu, beringi, ekseli na vihisio vya akiba vya angalau miaka miwili ni mkataba wa mtambo utakaosimama. Wauzaji wa China wana faida hapa: bei yao ni ndogo na meli za kutoka huko hazikatiki Dar es Salaam. Wanachopaswa kubanwa nacho ni hati za hesabu za nguvu ya chuma, cheti cha mkaguzi huru, na mwongozo wa matengenezo uliotafsiriwa vizuri, si kurasa chache zenye picha.

Njia ya mkato ni kununua mtumba. Si njia ya aibu. Golden Loop ya Gold Reef City ilifunguliwa kwanza Carowinds, Marekani, mwaka 1977 kwa jina la White Lightnin', ikahamishiwa Johannesburg mwishoni mwa miaka ya 1980 na kufurahisha vizazi vya watu. Hatari ya mtumba ipo mahali pengine, pasipoonekana. Mtengenezaji akigundua kasoro kwenye mtambo mmoja, huandika taarifa kwa wamiliki wote wa aina hiyo. Julai 2017, kwenye maonyesho ya jimbo la Ohio, bembea iitwayo Fire Ball ilivunjika ikiwa imejaa watu, na kijana wa miaka 18 akafa. Mtengenezaji, KMG wa Uholanzi, aliagiza mitambo ya aina hiyo isimamishwe kila mahali, kisha akaeleza kuwa kutu ilikuwa imekula boriti kwa ndani, mahali ambapo jicho halifiki. Mtambo ulikuwa na miaka kama 19. Mmiliki aliyenunua kwa dalali, ambaye jina lake halimo kwenye daftari la kiwanda, huenda asipate barua kama ile. Bembea yake itaendelea kuzunguka.

Kwa nchi zenye bahari jambo la kutu ni zito zaidi. Zanzibar ina viwanja vya kufurahishia watoto vya Kariakoo, Unguja, na Tibirinzi, Pemba, vilivyo chini ya Mfuko wa Hifadhi ya Jamii, ZSSF. Dar es Salaam ina Fun City ya Kigamboni. Hewa ya chumvi huingia ndani ya mabomba ya chuma, kwa hiyo mnunuzi wa pwani anayepima bei ya chuma kilichopakwa rangi tu dhidi ya kile kilichozamishwa kwenye zinki, ndani na nje, hapimi bidhaa moja kwa bei mbili. Nyakanazi haina chumvi, ila ina misimu miwili ya mvua na radi za Kagera.

Kuhusu ukaguzi, mnunuzi wa Afrika Mashariki hana sababu ya kubuni vigezo vyake. Vipo vya Ulaya, EN 13814, na vya kimataifa, ISO 17842, vilivyotoka 2015. Tanzania ina Shirika la Viwango, TBS, na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA. Pengo ni la utaalamu mahususi. Mkaguzi aliyezoea lifti na matangi ya mvuke anaujua mgandamizo na kamba za chuma, lakini treni inayobiringika kwa kasi ya kilomita 80 kwa saa ina maswali mengine, hasa mfumo wa kuzuia treni mbili zisiingie kipande kimoja cha reli. Ajali ya Alton Towers ya Juni 2015, kwenye mtambo uitwao The Smiler uliojengwa na Gerstlauer, ilitokea hapo hasa. Mfumo ulisimamisha treni kwa sababu kigari kitupu kilikuwa kimekwama mbele. Wahandisi, wakiamini reli ni tupu, wakaupita mfumo huo kwa mkono, na treni yenye watu 16 ikakigonga. Wasichana wawili walikatwa mguu. Mahakama iliwatoza wenye bustani, Merlin, faini ya pauni milioni 5, na lawama ikaangukia taratibu za kazi, si kiwanda. Kwa hiyo mtengenezaji anayefaa ni yule anayekaa na mafundi wa mnunuzi kwa wiki kadhaa, akawafundisha hadi wajue kwa nini mtambo unakataa, na nani mwenye ruhusa ya kuulazimisha.

Mambo haya huandikwa kwenye zabuni au hayapo. Halmashauri au mfuko wa umma ukitangaza kutafuta mtambo wa kuchezea watoto, kisha ukachagua bei ya chini ya ununuzi peke yake, utakuwa umeacha nje gharama kubwa kuliko zote: ya miaka 15 ya magurudumu, ya kufungua behewa lote kila mwaka na kupima ekseli kwa sumaku kutafuta nyufa, ya kumleta mtaalamu wa kiwanda, na ya siku mtambo unaposimama. Mzabuni anaweza kutakiwa ataje gharama hizo kwa miaka 10 na afungwe nazo. Anaweza kutakiwa ataje bustani tatu zenye mtambo wa mchoro huo huo, pamoja na anwani za wasimamizi wa matengenezo, ili mnunuzi awapigie mwenyewe bila muuzaji kuwepo. Na anaweza kutakiwa aweke michoro kamili ya vipuri kwa mtu wa tatu, benki au wakili, ikabidhiwe kwa mmiliki endapo kampuni itafilisika, ili ekseli iweze kuchongwa Mwanza au Nairobi kwa vipimo sahihi.

Kati ya masharti hayo, la michoro ndilo ambalo wauzaji watalipinga zaidi, kwa kuwa ndilo linalogusa siri yao ya biashara. Wapo watakaokubali kwa nyongeza ya bei. Kwa mwekezaji wa Nyakanazi, aliye mbali na kila kiwanda, nyongeza hiyo inafaa kulipwa, hata ikimlazimu kununua mtambo mfupi kwa mita tano.